Hofu ya Mstaafu na Deni la Imani

Imani, kwa maana inayokubalika na wengi, ni kumtegemea mwingine katika jambo ambalo bado halijaonekana, na ujasiri ni kutenda lipasalo ilhali hatari inajulikana. Maana hizo zinatosha hapa. Linalohitaji kuchunguzwa ni kauli wanayoambiwa watumishi wanaokaribia kustaafu nchini Tanzania, kwa hiari wafikapo miaka 55 au kwa lazima wafikapo 60, kila wanapoeleza wasiwasi wao: kwamba mwenye imani haogopi. Katika semina moja ya wastaafu watarajiwa, mwalimu aliyeshika faili lenye barua ya ajira, barua za kupandishwa daraja na hati za mshahara aliuliza ni lini michango yake ambayo mwajiri hakuiwasilisha ingeingizwa kwenye kumbukumbu zake, naye akajibiwa mbele ya wenzake kwamba aingie msimu mpya wa maisha kwa imani na ujasiri. Jibu hilo lilikuwa dhuluma, hata kama lilitolewa kwa sauti ya nasaha.

Kauli hiyo inachanganya hofu na shaka. Hofu ni moyo kutambua kwamba kitu cha thamani kinaweza kupotea, na shaka ni kukosa hakika juu ya anayetegemewa. Mtu aweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Aristotle alishasema kwamba jasiri huogopa yanayostahili kuogopwa, na kwamba asiyeogopa chochote anakaribia wazimu. Mwalimu yule hakumtilia shaka Mungu, alimuuliza mwajiri. Kumjibu kwa habari za imani ni kuligeuza deni, yaani kumfanya aliyeahidiwa ndiye mwenye kudaiwa, na mwahidi akakaa pembeni kana kwamba hahusiki. Isitoshe, hofu hiyo ina sababu zinazohesabika: kwa kundi kubwa la watumishi wa umma, mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, ulishuka mwaka 2022 kutoka asilimia 50 hadi 33, kisha mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40. Aliyechimba msingi wa nyumba kwa kutegemea kikokotoo kimoja, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, akastaafu chini ya kingine, akikosa usingizi hajakufuru.

Ni kweli kwamba wapo wanaojizidishia hofu, na kwamba imani inayongoja kila deni lilipwe haifiki popote.

Lakini hata imani isiyongoja haiwi bila hofu, na hapa Al-Ghazali anafaa kukumbukwa, kwa kirefu kidogo. Mwaka 1095, akiwa mwanachuoni mkuu wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, alisitasita karibu miezi sita kabla ya kuacha kazi. Ulimi wake ukafungika asiweze kufundisha, chakula kikamshinda, na matabibu wakakata tamaa. Huyo hakuwa mtu wa imani haba. Alipoondoka aligawa mali yake, lakini alibakiza ya kumtosha na riziki ya watoto wake, akieleza kwamba mali ya Iraki ilikuwa wakfu kwa maslahi ya Waislamu. Hatua ile kubwa, basi, ilikanyaga juu ya posho iliyopangwa, na aliyeichukua hatua hiyo hakuona haya kuliandika hilo.

Hapo ndipo hoja inapokuwa ngumu. Ikiwa hata Al-Ghazali alihitaji wakfu, haijulikani kama mstaafu asiye na wakfu wala mkupuo, ambaye hata hivyo anaamka kulima, ana ujasiri mkubwa kuliko wake, au amenyimwa tu nafasi ya kuchagua.