Saumu ya mgonjwa wa kisukari

Muuguzi anayemwambia mgonjwa wa kisukari ale mchana wa Ramadhani haingilii dini, anaitumikia. Aya ya 184 ya Sura ya Al-Baqara imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na ruhusa hiyo inahitaji mtu wa kuupima ugonjwa. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, saumu hukatwa papo hapo, hata kama magharibi imekaribia. Watasema nia ya mtu ni siri yake na Mola wake. Naam, lakini insulini iliyokwisha kudungwa haiulizi nia. Hushusha sukari ya mcha Mungu na ya mlevi sawasawa. Wengine huogopa kuwa tone la damu la kupimia hubatilisha funga, jambo ambalo wanazuoni wengi wamelikanusha. Basi kidole kitobolewe mchana huohuo, kabla mgonjwa hajaanza kutetemeka.