Shaba Niliyoipika

Hivi mtu anaweza kudanganya kwa namba ambazo zote ni za kweli? Kwa kawaida swali hili tunaliuliza tukisoma kumbukumbu za maisha ya wanasiasa. Mimi lilinikuta maabara, mbele ya unga wenye shaba, kwa hiyo naomba univumilie kwa kemia kidogo.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili ughaibuni. Chombo changu kilikuwa mashine ambayo wenyewe huiita XPS. Unaweka unga wako kwenye chumba kilichonyonywa hewa, unaupiga mionzi ya eksirei, na elektroni zinaruka nje. Ukipima kila elektroni imetoka na nishati gani, unajua ilikuwa imeshikwa kwa nguvu kiasi gani, na hapo unajua imetoka kwenye atomu ya aina gani, na atomu hiyo iko katika hali gani. Einstein alieleza mwaka 1905 jinsi mwanga unavyong'oa elektroni. Kai Siegbahn wa Uppsala, Uswidi, akaligeuza jambo hilo kuwa njia ya kuchunguza vitu, akapata Nobeli ya fizikia mwaka 1981. (Baba yake, Manne, alikuwa na Nobeli yake ya mwaka 1924, kwa kazi ya eksirei vilevile. Kuna nyumba zina bahati zake.)

Mashine hii haioni mbali. Elektroni zinazotoka salama ni za nanomita chache za juu, kumi hivi zikizidi sana. Yaani unaihoji ngozi, halafu unaandika habari za mwili.

Sasa shaba yenyewe. Shaba iliyopoteza elektroni mbili huchora kilele kikubwa kwenye grafu, na pembeni yake, kati ya elektronivolti 940 na 945 hivi, vilima vinavyoonekana wazi. Iliyopoteza elektroni moja haina vilima hivyo vya maana. Mimi nilikuwa naitafuta hii ya pili, maana ikiwepo tasnifu yangu inasimama. Nikaiacha mashine ifanye kazi usiku kucha ili grafu itoke laini. Asubuhi nakuta vilima vimesinyaa, kilele kimesogea kuelekea 932. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Wiki mbili nikaandika sura nzima.

Mwenzangu mmoja wa Mombasa, aliyenitangulia miaka miwili, akaitazama ile grafu.

"Dada, hii ni shaba uliyoiweka, au ni shaba uliyoipika?"

"Vipi tena, kaka?"

"Eksirei zenyewe huigeuza shaba ukiimulika muda mrefu. Hebu weka unga mpya, upime dakika chache tu."

Nikapima. Grafu ikatoka mbaya, imejaa mikwaruzo, na vilima vyote viwili vimesimama palepale.

Nimeliwaza sana jambo hili tangu siku ile. Grafu ya usiku haikudanganya. Kila elektroni iliyohesabiwa ilitoka kweli. Uongo ungekuwa kwenye kitenzi changu. Niliandika "unga huu una shaba ya aina ya pili", kumbe haki yake ni "uligeuka, nikiutazama". Nyinyi wapenzi wa fasihi mnajua njeo ya kitenzi inavyoweza kubeba kesi nzima.

Ningependa kusema sikujua, basi yaishe. Lakini nilipofungua daftari langu la mwezi wa kwanza nikakuta tahadhari ileile, kwa mwandiko wangu, nimeipigia mstari kwa wino mwekundu. Kwa hiyo sikuwa mjinga. Nilisahau pale ambapo kusahau kulikuwa na faida, na hakuna aliyenituma. Huyo aliyesahau kwa niaba yangu ni nani, ndilo ninaloshindwa kulijibu. Nikimlaumu, najilaumu mwenyewe, nikimsamehe, atarudi.

Sura niliifuta. Msahihishaji alipouliza kwa nini grafu yangu ina mikwaruzo kiasi kile, nilimweleza yote, pamoja na habari ya daftari. Ile ya usiku ninayo bado, nimeichapa kwenye karatasi nzuri. Ni nzuri kweli, laini kama imepigwa pasi.