Ardhi Iliyobaki Katika Jina la Maiti

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuweka riziki zetu ndani yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyekuja kuwaondolea wanyonge dhulma. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu Waislamu, tukisikia neno maskini wengi wetu hudhani ni yule asiye na kitu. Lakini wako maskini wenye kitu, tena kikubwa, ila hawawezi kukishika. Wana shamba, na shamba limeandikwa jina la babu aliyekufa zamani. Wana haki, na haki yenyewe imo ndani ya daftari la serikali ambalo hawajapata kuliona. Umaskini wa namna hii hauondoki kwa sadaka ya siku ya Ijumaa. Huondoka kwa elimu ya sheria, na kwa mtu wa kumshika mnyonge mkono mpaka mlangoni pa mahakama. Haya ndiyo niliyoyakusudia katika waraka huu, na kilichonifanya niyaandike ni safari niliyokwenda bara.

Ndugu zetu wa mji wa Embu waliniita kusomesha siku chache. Mji ule umo katika jimbo la Manyatta, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mtu wa pwani akiiona nchi ile husema, hapa hapana njaa. Udongo ni mwekundu, mvua huja misimu miwili kwa mwaka, juu karibu na msitu mna chai, na chini yake mna buni, ndizi na mahindi. Pamoja na neema zote hizo nikakuta watu wengi wenye dhiki. Nikamwuliza mwenyeji wangu sababu, naye ni mzee mkulima. Akaniambia: "Sheikh, ardhi ni nzuri lakini haikuongezeka, na watu wameongezeka. Babu yetu alikuwa na eka kumi. Leo sisi wajukuu tu wengi, kila mmoja analima nusu eka, na hata hiyo nusu eka kwa karatasi bado ni ya babu."

Neno hili la mzee lina asili yake, na yafaa tuijue. Mwaka 1954 serikali ya Kiingereza ilitoa mpango uliotungwa na afisa wa kilimo jina lake Swynnerton. Makusudio yake yalikuwa kukusanya vipande vya ardhi vilivyotawanyika, kila mtu apewe shamba moja kwa hati yake, ili apande mazao ya kuuza na apate kukopa. Katika miaka ya hamsini na sitini kazi hiyo ilifanywa Embu kama ilivyofanywa kwa jirani zao. Kisha sheria ya mwaka 1963 ikamfanya aliyeandikwa katika daftari kuwa ndiye mwenye ardhi. Aghalabu jina lililoandikwa lilikuwa moja, la mwanamume mkubwa wa nyumba. Wake, mabinti na ndugu wadogo walibaki nje ya karatasi, ilhali kwa mila zao walikuwa na haki ya kulima na kula katika ardhi ile. Tena sheria ile ikasema kwamba andiko la kwanza halivunjwi, hata kama lilipatikana kwa hila.

Sheria hiyo imekwisha kuondolewa. Kwa sheria ya mwaka 2012 hati iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa rushwa yaweza kufutwa. Na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi iliyotoka Meru, iliamua kwamba mtu aliyeandikwa jina lake aweza kuwa ameishika ardhi kwa amana ya jamaa zake, hata kama amana hiyo haikutajwa katika daftari. Jambo hili ni kubwa. Lakini jee, ni wajane wangapi walioko juu ya kilima wakichuma chai ambao khabari hiyo imewafikia? Haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama hazina iliyozikwa chini ya kitanda cha mwenye njaa.

Siku ya tatu akaja nyumbani kwa mwenyeji wangu mama mmoja, mjane, jirani yake, wala si Mwislamu. Mumewe alikufa akamwachia watoto wanne na kipande cha shamba la buni. Shemeji yake akakiuza kile kipande kwa mtu wa mbali, naye mnunuzi akaja kutia ua. Mama yule alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake. Alisema, "Sikuwa na la kusema, kwani sina karatasi, nami mtoto wa kike tangu lini akashtaki?" Akamkuta kijana, msaidizi wa kisheria, mwenye kujitolea katika kanisa lao. Kijana akamweleza mambo matatu. La kwanza, kwamba mali ya maiti haiuzwi na yeyote kabla mahakama haijamteua msimamizi, na anayeiuza kabla ya hapo anafanya kosa. La pili, kwamba ardhi ya kilimo haihamishwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi, na mapatano yasiyopata idhini hiyo ni batili kwa sheria ya mwaka 1967. La tatu, kwamba anaweza kwenda ofisi ya ardhi kutia kizuizi, ili hati isiguswe mpaka maneno yaamuliwe. Wakaenda pamoja. Mnunuzi alipojua kwamba alichonunua hakina nguvu, aliondoka akaenda kudai fedha zake kwa aliyemwuzia. Kesi bado iko mahakamani, lakini mizigo imefunguliwa na buni inachumwa.

Ndugu zangu, nilipoisikia khabari hii sikuona fahari, niliona haya. Kwani kisa cha mama yule ndicho kisa cha mjane wa Saad bin Rabii. Saad aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, akaacha mke na mabinti wawili, na ndugu yake akachukua mali yote. Mjane yule alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) na mabinti zake, akashtaki. Hapo ikateremka hukumu ya mirathi, na Mtume akamwita ami yao akamwamrisha awape mabinti thuluthi mbili, na mama yao thumni, kisha kilichobaki kiwe chake. Basi elimu yote ya mirathi tunayoisoma katika vyuo vyetu mlango wake ulifunguliwa na mwanamke aliyethubutu kushtaki, na Mtume aliyemsikiliza. Wenzetu wale wa bara wamesaidiana pasi na kuwa na aya hizo. Sisi tunazo, tunazisoma kwa tajwidi, kisha shamba la baba tunaliacha miaka arubaini bila kugawa!

Tusidanganyane. Ni nyumba ngapi hapa pwani, Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga, zenye shamba la minazi ambalo mwenyewe alikufa zamani na warithi hawajui hata idadi yao? Kaka mkubwa ndiye anayekula nazi. Dada akiuliza huambiwa, "Wewe una mume, wataka nini?" Mwengine yuko Maskati, mwengine yuko Uingereza, na kila mmoja anamngoja mwenziwe. Mwenyezi Mungu ametwambia katika Suratun Nisaa kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, iwe mali ni kidogo au ni nyingi. Akaliita fungu hilo faradhi, na baada ya kuyataja mafungu akamwonya kwa moto mwenye kuiruka mipaka yake. Basi anayelichelewesha fungu la dada yake kwa makusudi, hali dada analitaka, asijidanganye kwa wingi wa sunna anazosali. Na Mtume ametufundisha kwamba mwenye kudhulumu ardhi kiasi cha shubiri moja atavishwa shingoni siku ya Kiyama kutoka ardhi saba.

Wala khasara haikungoja Akhera. Mwaka 1908 ilitolewa sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wetu wa pwani, ikataka kila mwenye ardhi aje kuidai na kuithibitisha. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Waliokuwa na elimu ya karatasi waliandikiwa, na waliokuwa na jembe tu, wengi wao Wamijikenda na wanyonge katika Waswahili, waliamka wakajikuta ni wageni katika mashamba waliyozaliwa. Ndiyo maana mpaka leo wako watu wenye nyumba bila ya kiwanja chake. Nayo sheria ya leo inasema kwamba anayeikaa ardhi ya mtu kwa dhahiri miaka kumi na miwili, bila ruhusa na bila kuzuiwa, aweza kuidai mahakamani ikawa yake. Sisemi haya kuwachongea maskwota, kwani wengi wao ni watoto wa wale walionyimwa mwaka 1908. Nasema ili warithi waliolala wajue kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu haki haifi kwa kupita miaka, lakini mbele ya hakimu huweza kufa.

Na hapa pana jambo la pili nililojifunza Manyatta. Mkulima mwenye hakika na ardhi yake huitunza. Niliona mashamba ya nusu eka yaliyokatwa matuta ili mvua isichukue udongo. Kwenye kingo za matuta mmepandwa matete ya ng'ombe, na mipakani miti wanayoiita mikima, ya mbao na kuni. Ng'ombe hafunguliwi kuranda; hukatiwa majani bandani, na samadi yake hurudi shambani. Mji ule una kituo cha utafiti wa kilimo, na wakulima hupata mafunzo. Lakini mzee wangu akanionyesha kipande cha pili, kilichoko katika ugomvi wa ndugu. Hakina tuta wala mti, na udongo wake umekwisha kuteremka mtoni. Akasema, "Nani atatia samadi mahali asipojua kama mwakani atavuna?" Basi nikakumbuka minazi yetu iliyozeeka bila kupandiwa mingine. Mnazi huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Nani ataupanda katika shamba lisilogawiwa?

Pengine mtu atasema: tukigawa, kila mtu atapata kipande kisichotosha hata kaburi, na tutakuwa kama hao wa Manyatta. Jawabu ni kwamba kugawa haki si lazima kuwe kukata udongo. Warithi huweza kuandikwa wote katika hati moja, kila mmoja kwa fungu lake, kisha wakamweka mmoja kusimamia na mapato yakagawiwa kwa hesabu. Au mmoja hutoka katika mirathi kwa kulipwa thamani ya fungu lake kwa ridhaa, na mafakihi wameutaja mlango huo wakauita takharuj. Kinachoharibu shamba ni kukata bila mashauri, na zaidi ya hayo ni kutogawa kabisa.

Sasa tufanye nini? Kwanza, kila nyumba yenye mali ya maiti ikutane mwezi huu. Wachukue hati ya kifo, barua ya chifu na orodha ya warithi wote, wake kwa waume, walipe madeni ya maiti na wasia wake, kisha waende kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010 imempa Kadhi kuamua mirathi ya Waislamu wenye kuikubali mahakama yake. Pili, mtu asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi asiyosomewa. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ametuamrisha kuandika deni na kushuhudisha. Basi itakuwaje ardhi? Tatu, asiye na uwezo asione haya kutafuta msaada. Kituo cha Sheria kinawasaidia wanyonge tangu mwaka 1973, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, tangu mwaka 1985. Na sheria ya mwaka 2016 imeweka Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya asiyeweza kulipa wakili.

Nne, nalo ni letu sisi wa darasa hili. Mtume kabla ya kupewa utume alihudhuria katika nyumba ya Abdalla bin Judaan mapatano ya Hilful Fudhul, ambapo watu wa Makka waliapa kumsimamia kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Na baada ya utume alisema kwamba lau angeitwa kwa mapatano kama yale katika Uislamu angeitikia. Kijana yule wa Embu ameitikia. Sisi jee? Napendekeza baada ya Magharibi ya kila Jumatano pawe na baraza msikitini la kuwasomea watu hati zao na kuwaelekeza, na pawe na sanduku la kuwalipia wajane na mayatima ada za mahakama. Vijana wetu waliosoma sheria watoe saa moja kwa juma. Na mlango usifungwe kwa jirani asiye Mwislamu, kwani Hilful Fudhul ilifungwa kwa ajili ya mgeni.

Mimi nimeanza kwangu. Shamba la marehemu babu yetu lilikuwa halijagawiwa, na shangazi yangu mzee hakupata kuonja nazi yake. Niliporudi safari nilikwenda kumwomba radhi, akalia, akasema, "Mwanangu, nilidhani nitakufa sijaulizwa." Ndugu zangu, tusiwangoje wazee wetu wafe hawajaulizwa.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki utupe kuifuata, na dhulma kuwa ni dhulma utupe kuiepuka, na utubarikie katika ardhi zetu. Amin.