MAJI NA MIZANI



Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Al-Anbiyaa kwamba kila chenye uhai amekifanya kutokana na maji. Jambo hili sote twalijua. Lakini tumezoea kudhani kwamba uhai wataka maji tu, tukasahau kwamba wayataka kwa kiasi. Katika Sura ya Al-Muuminun ametubainishia kwamba maji ameyateremsha kwa kipimo, akayatuliza ardhini, naye ni muweza wa kuyaondoa.

Tazama mwili wako. Mtu mzima, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Ndani ya maji hayo mna chumvi, na afya ipo pale viwili hivyo visipozidiana. Walinzi wa mizani hiyo ni mafigo mawili. Kila siku huchuja kutoka katika damu kiasi cha lita 180. Katika hizo hutoa nje lita moja au mbili tu, na zilizobakia huzirejesha mwilini. Ukifunga siku ya jua kali, mafigo huzidi kubana, na mkojo ukawa mchache. Ukinywa maji mengi, huyaachia. Na mwenye kiu akinywa maji ya bahari huzidi kukauka, kwa sababu kuitoa chumvi yake kwataka maji mengi kuliko yale aliyoyanywa. Basi maji hayo hayo yaletayo uhai, yakikosa mizani huwa ni maangamizo.

Visima vyetu vya pwani navyo vina kanuni kama hiyo. Maji ya mvua yaliyozama ardhini, kwa wepesi wake, hukaa juu ya maji ya chumvi yaingiayo kutoka baharini. Ndivyo yalivyo maji ya Shela, chini ya vilima vya mchanga, yatumiwayo katika mji wa Lamu. Mwenye kuteka kwa ndoo huchukua kidogo, na mvua hurudisha. Lakini mwenye mashine akivuta usiku na mchana kupita irudishavyo mvua, chumvi hupanda, na kisima cha jirani huharibika pamoja na chake.

Mtu atasema: "Kisima ni changu, nimekichimba kwa pesa zangu, nani wa kunizuia?" Jawabu ni hili: shimo ni lako, hakuna alikataaye. Lakini maji yaliyo chini hayajui mpaka wa kiwanja chako. Mtume (S.A.W.) amekataza kuwazuilia watu maji ya ziada, na amekataza kudhuriana. Ikiwa kumnyima jirani maji yaliyokuzidi kumekatazwa, itakuwaje kumtilia chumvi katika kisima chake?

Basi tuanze majumbani mwetu. Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vilivyokusanywa, sisi twauacha mfereji wazi tangu kuosha mikono mpaka kumaliza miguu. Tuwafundishe watoto kutawadha kwa birika. Na mwenye mashine akae na jirani zake, wapatane kiasi cha kuvuta.

Figo halina akili, nalo huchukua na kurejesha. Ni aibu aliyepewa akili kushindwa nalo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuihifadhi mizani aliyoiweka. Amin.