Kiingilio cha Msibani

Je, maiti anaweza kudaiwa? Ndugu msomaji, swali hili si utani, wala si mada ya mdahalo wa kidato cha pili. Uko mji mmoja huko Meksiko, unaitwa Guanajuato, ambako jibu lilikuwa ndiyo, tena kwa sheria, toka mwaka 1865 hadi 1958. Ukifa pale, ndugu zako wanatakiwa kulipia kaburi lako. Wakishindwa, unafukuliwa. Unatolewa nje kama mpangaji aliyelimbikiza kodi ya chumba, nafasi yako anapewa mwingine mwenye nazo.

Katika kufukua huko ndipo lilipotokea jambo. Kwenye makaburi ya Santa Paula maiti wengi waliwekwa ndani ya vyumba vidogo vya ukutani, juu ya ardhi, kisha vikazibwa. Hewa ya kule ni kavu, kwa hiyo baadhi yao hawakuoza. Walikauka tu, na ngozi zao, na nywele, wengine na soksi miguuni. Wa kwanza kutolewa alikuwa daktari wa Kifaransa, Remigio Leroy, mgeni asiye na ndugu wa kumlipia. Wakafuata wengine. Watu wakaanza kuja kuchungulia, na wafanyakazi wa makaburi nao wakaanza kupokea chochote kidogo. Leo pale ni jumba la makumbusho la halmashauri ya mji, lenye maiti zaidi ya 100, na nje yake kwenye vibanda wanauza peremende za kusokotwa zenye umbo la maiti. Watoto wanazilamba bila wasiwasi.

Nilifika huko mwezi wa Oktoba, nikiwa mbeba ngoma wa kikundi kimoja cha utamaduni, maana kila Oktoba mji huo una tamasha kubwa la sanaa lenye jina la Cervantes, lililoanza mwaka 1972. Na nisiwe mchoyo wa sifa: mji ni mzuri, bwana! Nyumba zimepandana mlimani, nyekundu, njano, buluu, kama mtu aliyeanika kanga za mtaa mzima. Magari yanapita chini ya ardhi, mle ambamo zamani ulipita mto. Usiku wanafunzi wa chuo huvaa majoho ya Kihispania ya zamani, wakaingia vichochoroni na magitaa, watalii wakiwafuata nyuma kama kuku na mtama. Upo hata Uchochoro wa Busu, ambao roshani zake mbili zimekaribiana kiasi kwamba wapenzi wanaweza kubusiana kila mmoja akiwa kwao. Watu wanapanga foleni kupigwa picha pale. Mimi sikuwa na wa kumbusu, nikapita zangu.

Utamu wote huo ulijengwa na fedha, ile ya kuchimbwa, siyo noti. Mwishoni mwa karne ya 18 mgodi wa Valenciana ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya fedha duniani. Mwenye mgodi akajenga kanisa, likakamilika mwaka 1788, na madhabahu zake zinameta dhahabu hadi macho yanauma. Mtaalamu wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, alipofika mwaka 1803 aliwakuta wabebaji wakipandisha mawe mgongoni, kilo 100 na zaidi, ngazi baada ya ngazi kutoka shimoni. Ndani ya kanisa lile nilishangaa, na papo hapo nikaona haya. Ila haya ile haikudumu. Ukilibomoa kanisa leo, humtui mzigo mbebaji aliyekwisha kufa. Acha liwe zuri. Hao maiti ni habari nyingine, kwa sababu wao bado wako kazini.

Siku tuliyopangiwa kwenda makumbusho, mzee mmoja wa kikundi chetu, mpiga ngoma, alikaa kwenye ngazi za nje akakataa katakata. Nikamwambia, "Baba, twende, tiketi siyo ghali." Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, msibani watu wanatoa rambirambi. Wewe umeona wapi kiingilio?"

Mimi niliingia, maana anayetaka kuandika riwaya hawezi kufumba macho. Kihispania maiti hao wanaitwa momia. Neno hilo ni ndugu wa damu na mumiani wetu. Yote mawili asili yake ni Uajemi. Tulivyokuwa wadogo tulitishwa kwamba mumiani anazunguka usiku kunyonya damu ya watu akaiuze dawa. Kule ndani nilijiuliza ni nani hasa mumiani: hawa waliokauka kwenye vioo, au sisi tuliosimama mbele yao na kamera? Kuna kichanga anayetangazwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote duniani. Kuna mwanamke aliyeinua mikono usoni, na kijana anayetembeza wageni anasema alizikwa hai. Kuthibitisha hakuna, lakini hapo ndipo kila mtu anaposimama muda mrefu.

Sasa tazama jambo hili. Mjini humohumo lipo ghala la nafaka, Alhóndiga de Granaditas, lililovamiwa mwaka 1810 vita vya uhuru vilipoanza, wachimba madini wakiwa ndani ya jeshi la padri Hidalgo. Wahispania walipomshinda, kichwa chake na vya wenzake watatu, Allende, Aldama na Jiménez, vilitundikwa kwenye pembe nne za jengo hilo toka 1811 hadi 1821, vikianikwa kama onyo. Uhuru ulipopatikana vikashushwa, na leo mifupa yao imo ndani ya Mnara wa Uhuru, Mexico City. Hata sisi tunalijua jambo hili. Fuvu la Mkwawa lilidaiwa kwa jina katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudi mwaka 1954, na lipo Kalenga, linaonyeshwa. Nalo liko kwenye kioo, lakini kwa watu wake, na ukifika unaambiwa ni nani na alifanya nini.

Kwa hiyo ubaya hauko kwenye kioo. Aliyetundikwa kwa uasi ana taifa zima la kumdai, akashushwa baada ya miaka kumi. Aliyetolewa kwa sababu ya kodi hana wa kumdai. Wengi wao hata jina hawana, na wanaendelea kulipa deni ambalo kila siku kiingilio chetu kinalilipa, lisiishe. Mwaka 2024 taasisi ya taifa ya mambo ya kale ililalamika kwamba mkono wa mmoja wao ulikatika wakati wa ukarabati. Yakawa malumbano kati ya taasisi na halmashauri.

Nanyi washikaji wenzangu wa kalamu msicheke, tumo. Ray Bradbury wa Marekani alipita pale mwaka 1945, akatoka na hadithi. Mimi nimetoka na kurasa sita za daftari juu ya yule mwanamke wa mikono usoni, na ninazitaka. Tofauti ya daftari langu na lile dirisha la tiketi sijaiona vizuri bado.

Wakati wa kutoka nilimwambia yule kijana aliyetutembeza kwamba ingekuwa heri wazikwe, kioo kibaki kitupu na karatasi ya kodi ndani yake. Hakukasirika. Akasema mji hauishi kwa fedha ya shimoni tena, na karatasi haina atakayekuja kuitazama; yeye na wadogo zake watakula nini? Hilo sikuwa na jibu lake. Nikamuuliza kama angekubali bibi yake awekwe mle ndani.

Akacheka, akasema bibi yake amelipiwa kaburi la kudumu.