Ijaribuni Gripi Kabla Haijawajaribu

Ndugu zangu wapiga picha, nasema nanyi mnaopokea malipo ya awali kwa ajili ya siku ambayo haitarudiwa. Pete huvishwa mara moja. Udongo hutupwa kaburini mara moja. Mtoto wa darasa la saba hupanda jukwaani, hupokea cheti chake, hushuka na kwenda zake. Nanyi mmesimama mbele ya mambo hayo mkiwa mmefunga chini ya kamera gripi ya betri ambayo wengi wenu mliichagua kwa jina lililochapwa juu yake, na waliobaki mkaichagua kwa bei. Leo nawaambia: acheni! Gripi huchaguliwa kwa hasara itakayotokea siku ikigoma, na kwa kujua ni nani atakayeibeba hasara hiyo.

Kwa maana gripi ni mshenga. Tazama Canon 5D: unang'oa mlango wa betri, shina la gripi linazama kwenye tundu lililo wazi, na tangu hapo umeme wote wa kamera unapita mikononi mwa mtu wa kati. Mshenga mwaminifu hufikisha alichotumwa. Mshenga mlegevu hukiangusha njiani, kisha lawama zikaangukia pande mbili zisizo na kosa. Vibati vya ndani vikilegea, kamera itazima ghafla, nawe utailaumu betri. Ikizima wakati picha inaandikwa kwenye kadi, huenda faili lile lisifunguke tena. Utamwambia nani avue pete ivishwe upya?

Naanza na ninyi mnaoiabudu nembo. Mnasema, "Ya kampuni ni ya kampuni," na mkishasema hivyo mnadhani mmemaliza kufikiri. Haya, fikirini pamoja nami. Nikon D850 hupiga fremu 7 kwa sekunde. Ukiifunga gripi ya MB-D18 na kutia ndani yake betri ya EN-EL18b, hufika fremu 9. Lakini ukitia EN-EL15 ile uliyonayo nyumbani, zinabaki 7 zilezile! Na EN-EL18b nayo inataka kifuniko chake na chaja yake. Canon 5D Mark III hupiga fremu 6 ikiwa na BG-E11, na hupiga fremu 6 ikiwa haina. Ni wangapi kati yenu walilipia mwendo wakaondoka dukani na uzito?

Na wapo wanaoinunua ili kamera ionekane imenenepa, wajomba wa bwana harusi wawapishe ukumbini. Ndugu yangu, heshima ya mpiga picha iko kwenye albamu. Kwa kipimo cha watengenezaji wenyewe, betri moja ya 5D Mark III hutoa picha 950 hivi. Kama shida yako ni chaji peke yake, nunua betri moja ya ziada iliyo orijino, itie mfukoni, na fedha iliyobaki kanunulie kadi nzuri. Huhitaji gripi.

Lakini sisemi nembo ni bure. Anayepiga picha za wima kuanzia asubuhi kwenye kitchen party hadi usiku kwenye sendoff anajua kiwiko kinavyouma kikining'inia hewani. Kitufe cha kufyatulia kilicho chini ya gripi hukishusha kiwiko kile mbavuni, na mkono hautetemeki. BG-E11 ya Canon na MB-D12 ya Nikon zina mwili wa aloi ya magnesiamu, na zimezibwa dhidi ya vumbi na manyunyu. Lenzi ya 70-200 yenye uwazi wa 2.8 ikining'inia mbele siku nzima, mwili wa aina hiyo haujikunji. Hapo kampuni imeistahili fedha yake, nawe uitoe bila kunung'unika.

Nawageukia ninyi mnaoiabudu bei ya chini. Mnasema, "Zote zinatoka kiwanda kimoja." Nani aliwaonyesha kiwanda hicho? Umbo linaweza kunakiliwa hadi kwenye mikunjo ya mpira, na ndani kukawa na vibati dhaifu na swichi zisizo na adabu. Zipo gripi zinazonyonya betri hata kamera ikiwa imezimwa. Zipo zinazocheza zikifungwa kwenye tripodi, nawe ukadhani ni miguu ya tripodi. Na kama gripi ya namna hiyo ikiunguza saketi ya kamera, usitegemee dhamana ya mtengenezaji wa kamera ikulipie kosa la mwingine. Elfu ulizookoa dukani zitakudai kwa fundi.

Hata hivyo, nani amewapa ruhusa ya kuwadharau mafundi wote wasio na jina kubwa? Nikon haikutoa gripi kwa ajili ya D5300. Mwaka 2020 ilipoleta D780, haikuweka hata vibati vya kuipokea gripi yenye vitufe. Kampuni nyingine ndizo zilizoingia pale ambapo mwenye kamera aliachwa. Zikatengeneza gripi yenye waya mfupi unaochomekwa kwenye tundu la rimoti, ili kitufe cha wima kifanye kazi. Waya ule si mzuri wa kutazama, na ukikwama kwenye mkanda unachomoka. Lakini kwa mwanafunzi mwenye D5300 aliyoinunua mkononi, ndiyo gripi iliyopo. Kampuni kama Meike ikiandika "Meike" juu ya kazi yake, haijamdanganya mtu. Imekuambia mimi ni nani, nipime. Basi ipime.

Uovu uko kwingine, na hapa napaza sauti. Uovu ni feki: kopi iliyovishwa jina la Canon au Nikon, ikawekwa kwenye boksi linalofanana na lile lenyewe, ikauzwa kwa bei ya orijino au pungufu kidogo ili usishtuke. Hiyo imekunyima haki ya kuchagua. Mbaya zaidi ni betri feki ndani yake. Betri ya lithiamu isiyo na ulinzi mzuri hupata moto, huvimba, hukwama kwenye trei isitoke, na inaweza kuwaka. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, na Tanzania kazi hiyo inasimamiwa na Tume ya Ushindani. Lakini ofisi haiwezi kusimama nawe kwenye kila kaunta ya Kariakoo au Luthuli. Wewe ndiye mlinzi wa kwanza wa mfuko wako.

Basi jifunzeni kujaribu. Nendeni dukani na kamera yenu na betri zenu mbili zenye chaji. Fungeni gripi, kazeni gurudumu mpaka mwisho, kisha shikeni gripi kwa mkono mmoja na lenzi kwa mwingine mkazinyonge taratibu. Sikilizeni. Ikilia, iacheni. Tazameni mstari gripi inapokutana na kamera: ukiona mwanga unapita, iacheni. Fungueni menyu ya taarifa za betri. Kwenye 5D Mark III betri zote mbili zinapaswa kuonekana, kila moja na asilimia yake. Bonyezeni kitufe cha wima nusu: je, lenzi inatafuta na kushika fokasi, au mpaka ukandamize? Zungusheni kila gurudumu, jaribuni kila kitufe. Chomoeni betri moja, pigeni picha. Irudisheni, chomoeni ya pili, pigeni tena. Na patana na muuzaji, kwa maandishi, kwamba utairudisha ikiwa betri zitashuka chaji usiku mmoja kamera ikiwa imezimwa. Muuzaji anayekataa jaribio amekwisha kujibu swali lako.

Mkishajaribu, amueni kama watu wazima. Wewe unayelipwa kupiga kisichorudiwa, chukua ya kampuni. Kama mpya inakushinda, tafuta ya kampuni iliyotumika, uipitishe kwenye jaribio lilelile. Wewe unayejifunza, unayepiga mandhari, bidhaa au jamaa zako wanaoweza kusimama tena, chukua ya kampuni nyingine iliyoandika jina lake wazi, na ndani yake utie betri orijino. Wewe ambaye kamera yako haikutengenezewa gripi na kiwanda chake, fanya vivyo hivyo, na siku ya kazi nzito ivue, ubaki na kamera na betri za mfukoni. Na feki, hata ukipewa bure, usiipokee.

Ndugu zangu, aliyewalipa haijui MB-D18 wala BG-E11. Hataikagua gripi yenu, hataulizia magnesiamu. Amewaachia ninyi kujua. Wiki hii, kabla hamjapokea kazi nyingine, itoeni gripi kwenye begi, ifungeni, inyongeni, isomeni menyu ya betri. Ikifaulu, iende nanyi kazini. Ikishindwa, ibaki nyumbani, hata kama jina lake ni kubwa kuliko lenu.