Kamba Iliyobaki Juu ya Muti

Katika pori la miombo, hapa kwetu Kipushi na kuelekea mpaka wa Zambia, mwindaji hapandi muti kwa miguu peke yake. Anayetaka kuotea nyama usiku, ao kufikia asali iliyo juu sana, anafunga vijiti kwenye shina, kimoja juu ya kingine, na uzima wake wote unakaa kwenye kamba. Kwa hiyo kuchagua kamba si jambo la kuachia mtoto. Lakini kuna swali ambalo hatuulizi sana: ukiisha kushuka na kurudi nyumbani, ile kamba ni ya nani? Ikikatika chini ya mutu mwingine, nani atajibu?

Tutazame kwanza kamba yenyewe. Gome la musamba, ao la mutondo, linatoa nyuzi ndefu zenye nguvu. Wakati wa mvua linabanduka bila shida. Wakati wa kiangazi linashikamana na muti. Mzee anayejua kazi anaondoa kipande cha upande mmoja tu, kwa sababu muti uliobanduliwa gome mzunguko mzima unakufa. Kamba mbichi inakunjika vizuri, na fundo lake linashika. Ikikauka inakuwa ngumu, inapasuka pale kwenye fundo, kisha mchwa wanaingia. Lakini ukiiangalia mchana unaona kama imezeeka.

Siku hizi miti imekwenda mbali, sababu ya makala yanayopelekwa Lubumbashi, na vijana wananunua kamba sokoni. Nailoni iko na nguvu, sawa, lakini inavutika uzito ukiingia, na fundo lake linateleza kama halikufungwa vizuri. Zile za plastiki za rangi, jua linazikula pole pole. Aliye chini anaona ngazi nzima, anapanda.

Sisi watu wa Kipushi tunafahamu habari ya kujiachia kwenye kamba ya wengine. Mgodi wetu ulisimama mwaka 1993, ukaanza kutoa zinki tena mwaka 2024. Mchimbaji anashuka chini kwa kable ambayo hakuichagua yeye. Lakini kable inapaswa kuwa na mutu wa kuikagua, na daftari, na siku yake ya kubadilishwa. Ukiuliza, jina lipo. Porini hakuna daftari.

Wengine watasema: «Kila mutu na macho yake. Mwenye kupanda aangalie.» Ni kweli nusu. Kijiti kilichofungwa kwenye muti kinasema «panda», na anayekifikia usiku, ao mtoto anayefuata nyuki, hana namna ya kukijibu.

Wengine tena watasema kuacha ngazi ni ukarimu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kule Tanzania, wanapigilia vigingi katika mibuyu ili kufikia asali, na vigingi hivyo vinabaki kwa atakayekuja. Sawa, lakini kigingi kinashikwa na muti wenyewe. Hakina fundo. Kamba inashikwa na mkono wa aliyeifunga, na mkono huo umekwisha kwenda zake.

Kwa hiyo mimi nasema aliyefunga anajibu mpaka atakapofungua. Anaposhuka, asimame kwenye kijiti cha chini na kufungua kile cha juu, hivyo mpaka ardhini. Najua ni kazi; alfajiri mutu amechoka, na pengine ana mzigo wa nyama wa kubeba. Na anayetaka kurudi kwenye muti ule ule juma linalokuja? Basi afungue angalau vile vitatu vya chini. Atakayekuja atalazimika kufunga vyake kwa kamba yake, kisha atafika kwenye fundo la nne akiwa tayari na mkono wa kulijaribu.